Tufe la Kitinda

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Mgongo wangu ni ule ule unaoujua. Mashine kubwa ya kufulia pale hospitali imekufa tena, kwa hiyo mashuka ya wodi mbili tunayafua kwa mikono, mimi na mwenzangu yule mwembamba anayeongea bila kuvuta pumzi. Paa la jikoni tumeliziba. Jirani wa mlango wa pili amejifungua mapacha na sasa mtaa mzima haulali mchana.

Usishangae kuona karatasi. Kwenye simu, kila nikifika kwenye jambo lenyewe mtandao wako unakuwa mbovu. Barua haikatiki.

Jambo lenyewe ni hili: Kitinda wetu, mtoto wa mwisho wa mama, amechaguliwa. Unajua simwachi nyumbani peke yake, nakwenda naye kazini. Miaka mitatu iliyopita alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha kufulia, anasokota shuka bichi, analirusha kwenye toroli lililoko ukutani ng'ambo, na hakosei hata moja. Mwalimu mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa akasimama mlangoni akatazama mashuka manne yakipita hewani. Akaniuliza, "Huyu dada ana miaka mingapi?" Nikamwambia ishirini na mitano, lakini akili yake imekaa kwenye utoto. Akasema, "Sijauliza akili, nimeuliza miaka." Tangu siku ile anamfundisha kurusha tufe, yeye na wenzake kumi na mmoja wa aina yake, Jumanne na Ijumaa, kwenye uwanja wa shule.

Sasa kuna mashindano ya nchi nyingi, ya wanamichezo wenye ulemavu wa akili tu. Kitinda yumo kwenye kikosi. Kaa vizuri nikwambie la pili: mashindano yenyewe yanafanyika kwenye mji wako, mwezi wa nane.

Nakuomba mambo mawili. Cheti chake cha kuzaliwa kimo kwenye lile faili la kijani la mama, ulilochukua baada ya mazishi ukasema utalipanga. Bila cheti hakuna pasi ya kusafiria, na mwisho wa kupeleka karatasi ni tarehe thelathini Aprili. La pili, uwepo uwanjani. Mimi sitasafiri, nafasi ni za wachezaji na makocha. Wewe huna haja ya kusafiri. Ni kukaa tu kwenye kiti.

Kila asubuhi anaisalimia picha yako ukutani: "Kaka, umeamkaje?" Halafu anasubiri kidogo, kama anayesikiliza.

Dada yako


Tarehe 21 Machi

Shikamoo dada,

Barua yako imekaa kwangu muda, nisamehe. Huku tu wazima. Binti mkubwa ametimiza miaka kumi na miwili, anasoma vitabu hadi chooni. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mtu mzima. Mama watoto hajambo, anakusalimu. Kazi ndiyo inanimaliza. Msaidizi wangu aliacha, sasa lifti za majengo saba ni zangu peke yangu. Siku nyingine nashuka kwenye shimo la lifti kabla jua halijachomoza, natoka limeshakuchwa, na sijui hata kama mvua ilinyesha.

Cheti nitakitafuta. Faili lipo, ila vitu vyangu viko kwenye maboksi tangu tulipohama.

Lakini dada, mmefikiria vizuri? Ndege, watu wageni, makelele, chakula asichokijua. Huyu akipotea kwenye umati itakuwaje? Unakumbuka alivyolia siku tulipompeleka kukata nywele. Isije ikawa mnamtesa kwa ajili ya sifa za mwalimu.

La kukaa uwanjani tuliache kwanza, mwezi wa nane ni mbali.

Ukiandika tena tumia anwani ya kazini, iko nyuma ya bahasha. Ya nyumbani barua zinapotea.

Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi watoto wanakua. Mwambie huyo wa meno asiguse pengo kwa ulimi, yataota vibaya. Mapacha wa jirani sasa wanalia kwa zamu. Mashine imetengenezwa, imefua siku mbili, imekufa tena.

Unaniuliza kama nimefikiria. Mimi sina kazi nyingine ila kufikiria, mdogo wangu. Nafikiria nikiwa nimeinama kwenye beseni na nafikiria nikiwa namfunga vifungo vya nguo. Siku ya kukata nywele alikuwa na miaka tisa. Una mtu wa miaka tisa kichwani mwako. Huyu wa kwangu ana ishirini na minane, ana mabega kama mbeba magunia, na wiki iliyopita amerusha tufe la kilo tatu mita saba na sentimita thelathini. Kocha, yule mwalimu wake, alipima mara mbili, akadhani kamba imemdanganya.

Ungemwona. Anaingia ndani ya duara, analiweka tufe shingoni kama anayelinong'oneza, anageuka, anasukuma. Halafu hatazami limeanguka wapi. Anatazama nyuso za watu. Ukicheka, anacheka. Ukinuna, anaomba radhi. Kocha anamwambia, "Kitinda, tazama mbele!" Hasikii. Lazima ajue nani yupo.

Ni kweli anaogopa vitu. Mimi pia naogopa. Lakini ni mara ya kwanza tangu azaliwe watu wamekuja kwetu kumtaka yeye, siyo kutupa pole.

Anwani ya nyumbani barua zinapotea, sawa. Mimi nimefua nguo za watu miaka kumi na tisa, naijua nguo iliyofichwa uvunguni. Wifi anajua kwamba wanawe wana shangazi wawili? Siulizi kwa ugomvi. Nauliza kwa sababu nimechoka kuuliza mambo mengine yanayozunguka hilo.

Zimebaki siku ishirini na nne. Fungua maboksi.

Dada yako


Tarehe 19 Aprili

Shikamoo dada,

Hatujambo. Cheti hicho ndani, nimekituma kwa njia ya haraka. Kilikuwa kwenye boksi la kwanza nililofungua.

Hilo la wifi yako tuliache.

Mdogo wako


Tarehe 30 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu wote. Kwa upande wetu mambo ni mbio tu. Mwenzangu mwembamba ameugua koo, wiki nzima chumba cha kufulia kimekuwa kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Nilidhani nitafurahia, kumbe natamani sauti yake.

Cheti kilifika siku mbili kabla ya mwisho. Nilikwenda nacho kwenye dirisha la ofisi ya pasi nikiwa na aproni ya kazi, viatu vimelowa. Karani alikitazama akauliza, "Anajua kusaini?" Nikasema anajua kuweka dole. Kitinda akamnyang'anya kalamu akaandika herufi tatu za mwanzo za jina lake, kubwa, zikatoka nje ya kisanduku. Karani akagonga muhuri.

Wanaondoka tarehe nane. Uwanja ni ule mkubwa wa mjini kwenu, kocha anasema kila mtu anaujua. Tarehe kumi na mbili saa tatu asubuhi ni mchujo: kila mmoja anarusha mara tatu, wanapima, kisha wanawapanga wanaolingana nguvu pamoja. Tarehe kumi na nne ni fainali. Mlango hauna kiingilio.

Nimemwambia utakuwepo. Sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungeniambia tuliache. Tangu nimwambie, anakwenda uwanjani kabla ya kocha.

Mimi nitakuwa hapa. Sijawahi kulala hata usiku mmoja bila yeye ndani ya nyumba tangu mama afariki.

Dada yako


Tarehe 19 Agosti

Shikamoo dada,

Huku wote wazima, joto tu. Nilijitahidi sana lakini sikupata ruhusa. Lifti ya jengo kubwa ilikwama na watu ndani wiki ile ile, na fundi ni mimi peke yangu. Nimesikia kwamba hakupata medali. Mpe pole. Mwambie kaka anasema amejitahidi.

Shule zinafungua, tunahangaika na sare.

Mdogo wako


Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wasome vizuri. Kitinda amerudi salama, amenenepa, na amekuja na kofia tatu za nchi tatu alizobadilishana na wenzake. Anazivaa zote kwa pamoja.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nakuandikia yaliyotokea kama kocha alivyonieleza, kwa sababu ulisema hukuwepo.

Siku ya mchujo alirusha vibaya kuliko siku yoyote ya mwaka huu. Mita tano na sentimita kumi na mbili. Kocha anasema alikuwa anaingia kwenye duara shingo imegeuka kule kwenye viti, anarusha bila kutazama, tena anageuka. "Anatafuta mtu," kocha akamwambia mwamuzi. Wakampanga na wanaorusha mita tano.

Siku ya fainali akawa mtu mwingine. Mrusho wa kwanza, mita saba na sentimita arobaini. Hajawahi kufika hapo. Wenzake kwenye kundi walikuwa wanapiga tano na kitu. Kikosi chetu kiliimba, kocha wa wakimbiaji aliruka hadi akapoteza kiatu.

Halafu wakaja watu wawili na karatasi. Kumbe kuna kanuni. Ukizidi ulichofanya kwenye mchujo kwa zaidi ya asilimia kumi na tano, wanasema siku ya kwanza hukujituma, umejificha ili upangwe na wanyonge. Matokeo yanafutwa. Kocha angeweza kujaza fomu kabla, kueleza kwamba huyu kwa kawaida ana saba. Lakini siku ile ya katikati alikuwa zahanati na msichana wa mbio fupi aliyekuwa anatapika. Simlaumu. Ana wachezaji kumi na wawili na mikono miwili.

Walimpa utepe wa kushiriki. Wenzake wakapanda jukwaani, yeye akabaki chini anawapigia makofi. Hakuelewa. Alimuuliza kocha, "Nilirusha mbali, kwa nini mbali ni vibaya?" Kocha anasema amefundisha miaka ishirini na mbili, hajawahi kuulizwa swali gumu hivyo.

Sasa sikiliza. Kitinda anasema alikuona. Nimemwambia kaka hakuwepo, kaka alikuwa kazini. Anasema, "Kaka alikuwepo. Juu kabisa. Ana koti la buluu. Anatembea kama baba." Nimemwambia labda ni mtu anayefanana naye. Akanikasirikia, hajawahi kunikasirikia hivyo. Anasema siku ya kwanza alikutafuta akakuona mwishoni kabisa, ukajificha nyuma ya nguzo, akajua mnacheza. Siku ya pili akakupungia mkono.

Yeye hajui kusema uongo, mdogo wangu. Hana kifaa hicho. Ulikuwepo?

Dada yako


Tarehe 24 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sitaandika habari za watoto kwanza.

Nilikuwepo.

Siku ya kwanza niliwaambia kazini naumwa. Nilikaa safu ya juu kabisa, karibu na vyoo, mahali ambapo mtu hakai ila amechelewa. Nilijua ni yeye alipotoka tu, kabla hawajamtaja. Nilitaka kumwona tu, halafu niondoke. Nikaona anageuza shingo. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, anazipitia moja moja kama mtu anayehesabu mashuka. Nikajua ananitafuta mimi, na nikajua kwamba kusimama tu kungetosha. Mara tatu alirusha, mara tatu sikusimama. Mrusho wa mwisho macho yake yakanifikia. Nikaenda nyuma ya nguzo. Mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, nikajibana nyuma ya nguzo.

Siku ya fainali nikarudi. Hakunitafuta tena, alitazama pale pale moja kwa moja. Akacheka. Halafu akarusha. Dada, mimi sijui michezo, lakini uwanja mzima ulitoa sauti. Akanipungia mkono. Mikono yangu ilikuwa mapajani na haikuinuka. Sina maelezo.

Walipokuja wale wa karatasi nilishuka ngazi. Hilo nataka ulijue, nilishuka hadi kwenye kizuizi, naye alikuwa hatua thelathini kutoka nilipo, amenipa mgongo, anapiga makofi. Binti mmoja wa kujitolea aliyekuwa analinda mlango akaniuliza kwa heshima, "Wewe ni ndugu wa nani, nikupitishe?" Nikasema, "Sina mtu hapa, napita tu." Akasema, "Haya, pole." Nikatoka nje. Nikakaa kituo cha basi, mabasi matatu yakapita.

Uliuliza kuhusu wifi yako. Alipokuwa na mimba ya kwanza, daktari alituuliza kama kwenye ukoo kuna mtu mwenye ulemavu wa akili. Mama watoto akasema kwao hapana. Wakanigeukia. Nikasema hapana. Neno moja tu. Baada ya hapo kila mwaka ulioongezeka uliligandamiza zaidi. Ndiyo maana nilikuja mazishini peke yangu, nikakaa siku nne. Ndiyo maana sijarudi miaka kumi na mmoja.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye shimo la lifti, kwa taa ya kichwani. Nikaisoma tena. Jumapili nikaiweka mezani pamoja na ile ya kwanza, mbele ya mama watoto, baada ya chai, nikamwambia, "Soma." Akazisoma hadi mwisho, akazikunja vizuri kama zilivyokuwa.

"Huyu Kitinda ni dada yako?"

"Ndiyo."

"Na yule daktari?"

"Nilisema hapana."

Akasema, "Hukuogopa mtoto atakuwaje. Uliogopa mimi nitakuwaje." Amehamia chumba cha watoto. Tunaongea habari za mkate na sare.

Binti mkubwa alisikia yote. Ananiuliza maswali. Shangazi anapenda rangi gani, shangazi anaogopa mbwa. Yote nasema sijui.

Mwambie Kitinda alikuwa sahihi. Mwambie aliniona, si yeye aliyekosea, ni mimi. Naandika vibaya. Mwambie tu ni kweli.

Mdogo wako


Tarehe 11 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwenzangu mwembamba amepona, anafidia siku alizonyamaza.

Nimemwambia Kitinda. Nilimkalisha kitandani nikamwambia, "Ni kweli, kaka alikuwepo, mimi nilikosea, nisamehe." Akasema, "Nilikwambia." Akaendelea kumenya chungwa. Ndiyo hayo tu. Kilichokukalia kifuani miaka kumi na mitatu, kwake kimeisha kabla ya chungwa.

Kwangu hakijaisha. Niliisoma ile habari ya kizuizi nikaweka barua chini, nikaenda kufua, nikararua shuka la hospitali bila kukusudia. "Sina mtu hapa." Hatua thelathini. Siwezi kukuambia nimesamehe, nitakuwa nakuandikia uongo, na familia yetu imeshatumia fungu lake.

Lakini na mimi nina langu. Wewe umesema lako, nitakuwa mnafiki nikikaa na la kwangu.

Kitinda alipoondoka tarehe nane, nilimpungia hadi gari lilipopiga kona. Nikarudi nyumbani nikalala. Nililala mchana, mlango umefungwa, na hakuna aliyeniita. Kesho yake baada ya kazi nikala mkate nimesimama, nikalala tena. Siku ya nne nikakaa kizingitini nikanywa chai hadi ikaisha, ikiwa bado moto. Nilipima hilo, mdogo wangu: sikumbuki lini niliwahi kumaliza chai ikiwa moto. Siku ya mashindano, wakati wewe umejificha nyuma ya nguzo, mimi nilikuwa nimelala. Sikumwombea hata. Nilisahau saa.

Na siku ya kurudi, nilikwenda shuleni kuwapokea. Wazazi wote walisimama gari la kikosi lilipoingia. Mimi nilibaki kwenye benchi. Nikasema moyoni, bado kidogo. Siku moja zaidi. Nilimwona anashuka na kofia zake tatu, ananitafuta kwenye watu, shingo inageuka huku na huku, nami sikuinuka. Hesabu mwenyewe sekunde. Hadi mwenzangu mwembamba, aliyenisindikiza, akanisukuma begani: "Anakutafuta, huoni?"

Nampenda, usiniulize hilo. Nilimpenda pale alipoondoka yule bwana aliyetaka kunioa akasema nichague, yeye au huyu, nami sikufikiria hata dakika. Lakini nina miaka arobaini na mitatu na daktari amesema nikiendelea kuinua mashuka mabichi na kumwinua yeye akianguka kifafa, mgongo huu hautaona hamsini. Najikaza kisabuni, sabuni yenyewe imeisha.

Kwa hiyo usinitumie pole. Sitaki radhi, sitaki zawadi. Nataka zamu. Sisemi umchukue, asing'olewe kutoka kwa kocha wake na toroli lake. Njoo wewe. Ukae hapa, umwoshe nywele, umpeleke mazoezi Jumanne na Ijumaa, ujue anaogopa nini. Wala usije kwa siku nne.

Dada yako


Tarehe 1 Novemba

Shikamoo dada,

Nimesoma.

Nina likizo za miaka mitatu ambazo sijachukua. Nimeziomba zote kwa pamoja. Msimamizi aliuliza kuna nini, nikamwambia nina dada mwenye ulemavu wa akili na ni zamu yangu. Nilidhani mdomo utakataa. Ulikubali. Akasema hata yeye ana mpwa, akaweka saini. Wiki tisa. Nafika tarehe tano Desemba.

Binti mkubwa anakuja nami, atakaa hadi shule zifunguliwe, kisha mama yake atakuja kumchukua. Hivyo ndivyo alivyosema: atakuja kumchukua. Hakusema zaidi nami sikuuliza. Bado yuko chumba cha watoto.

Nijibu haya, tafadhali. Anaamka saa ngapi? Anakula nini na hali nini? Kifafa kikimshika nafanyaje, mkono upi chini ya kichwa? Anajua kuoga mwenyewe? Akilia analia kwa nini? Anavaa kiatu namba ngapi? Nilikaa nikaandika orodha nikaona imefika ukurasa wa pili, na huyu tumezaliwa naye nyumba moja.

Mdogo wako


Tarehe 18 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Msalimie wifi, na huyo wa meno, nasikia yameshaota.

Anaamka jua likichomoza, ukilala yeye anakaa pembeni ya kitanda anakutazama hadi ufumbue macho. Usishtuke. Anakula kila kitu ila yai lenye ute. Kifafa kikija, mlaze ubavu wa kushoto, nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, usimbane, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Kikizidi dakika tano, hospitali. Wote pale wanamjua. Anaoga mwenyewe lakini mgongo hafiki. Analia akisikia watu wanagombana hata kwenye redio. Kiatu namba arobaini na moja. Mbwa hamwogopi, anaogopa puto. Rangi anazopenda zinabadilika, binti atamuuliza mwenyewe.

Kocha ameshaandika kwenye daftari lake saba na arobaini, kwa wino. Anasema yeye ndiye aliyekuwepo na kamba, wengine wafute wanavyotaka. Mwakani kuna mashindano ya ndani, na safari hii fomu ataijaza yeye wiki moja kabla. Utamkuta uwanjani, atakupa kazi ya kurudisha matufe.

Mkifika sitakuwepo. Kaka yake mwenzangu mwembamba ana chumba cha wageni, nimekiomba wiki mbili. Nitakabidhi nyumba na Kitinda kwa jirani wa mapacha asubuhi ile, nyinyi mnaingia mchana. Nimefikiria kukusubiri mlangoni, nikaona nikikusubiri nitaanza kukuonyesha, nikianza kukuonyesha sitaondoka. Siku ya kwanza iwe yako.

Jana nimepanga nguo zangu kwenye mfuko mbele yake, nisimfiche. Nikamwambia, "Kitinda, nimechoka. Nakwenda kulala kwa watu wiki mbili. Kaka atakuwa hapa." Nilijiandaa kwa kilio. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi. Halafu akainama chini ya kitanda, akavitoa viatu vyangu vya kutokea, akavifuta vumbi kwa pindo la gauni lake, akavipanga mlangoni, ncha zikiangalia nje.

Dada yako